Kinachotoka Baada ya Dripu

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtoto wa kilo 20 aliyefikishwa hospitali ya Mulago, Kampala, akiwa amevimba taya hadi jicho limefumba alitiwa mshipani dawa ya saratani iitwayo saiklofosfamidi, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili wake. Jumla ni miligramu 800 kwa mkupuo mmoja, kisha wiki mbili au tatu za kungoja kabla ya mkupuo mwingine. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa darasa la nne anaiweza. Ngumu ni ile ya pili, inayoanza dripu inapofungwa. Miligramu 800 zimeingia. Zimetoka ngapi, kwa njia ipi, na zikiwa na sura gani?

Nyingi hutoka na mkojo ndani ya siku moja au mbili, zikiwa zimeshavunjwa vipande. Lakini asilimia 10 hadi 20 ya dawa hutoka nzima. Kwa mtoto yule, hizo ni miligramu 80 hadi 160 za dawa ileile iliyokuwa kwenye kichupa. Na kwa kuwa saiklofosfamidi haina nguvu mpaka ini liiamshe, kilichomo ndani ya beseni ni dawa iliyolala, ikingoja ini jingine. Katika hospitali nyingi za kwetu, tangu enzi hizo hadi leo, anayelibeba beseni hilo ni mama, shangazi, au dada aliyeacha shule kwa muda aje kuuguza.

Nimeitanguliza hesabu hii kwa makusudi. Vitabu vya famasia vinapoeleza jinsi dawa za saratani zinavyopimwa kwenye mkojo huanza na mgonjwa na kuishia na mgonjwa. Naona hiyo ni nusu ya mkasa, na nusu iliyobaki inasimulika vizuri zaidi Kampala kuliko Helsinki au Boston.

Kampala haikuanza jana. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, aliandika katika jarida la upasuaji la Uingereza kuhusu uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto wa Kiafrika. Kisu hakikufua dafu mbele yake. Dawa zilipojaribiwa, uvimbe uliokuwa ukiongezeka siku hadi siku ulinywea siku hadi siku, na limfoma ya Burkitt ikawa miongoni mwa saratani za kwanza kuonekana zikipona kwa dawa peke yake. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Makerere, Wizara ya Afya ya Uganda na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walifungua Kituo cha Tiba ya Limfoma pale kilimani Mulago, John Ziegler akiwa mkurugenzi. Mwaka 1969 kikaongezwa kituo cha saratani nyingine, na viwili hivyo ndivyo vilivyozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Lasker. Mwaka huohuo Idi Amin aliwafukuza Waasia, wageni wengine nao wakafunga virago, na taasisi ikabaki mikononi mwa Charles Olweny na wenzake. Waliendelea kutibu na kuchapisha matokeo yao katika miaka ambayo hata sabuni na sukari vilikuwa bidhaa za magendo.

Sasa turudi kwenye miligramu zetu.

Saiklofosfamidi ilibuniwa na Norbert Brock na wenzake katika kampuni ya Asta, Ujerumani. Fikra yao ilikuwa nzuri: watengeneze sumu iliyofungwa mdomo, ipite mwilini bila kudhuru, kisha vimeng'enya vya uvimbe wenyewe viufungue mdomo huo palepale inapohitajika. Fikra nzuri, ila si hivyo mwili unavyofanya. Inayofungua mdomo ni ini. Dawa ikafaulu kwa sababu ambayo mbunifu wake hakuikusudia, jambo linalotokea katika famasia mara nyingi kuliko wafamasia wanavyopenda kukiri.

Ndani ya ini, kimeng'enya kinachoitwa CYP2B6, kikisaidiwa na wenzake, huibadilisha saiklofosfamidi kuwa molekuli legelege isiyodumu. Nayo huvunjika vipande viwili. Kimoja ni fosforamidi mastadi, cha ukoo mmoja na gesi ya sumu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na hicho ndicho kinachoshika nyuzi za DNA za seli ya saratani na kuzifunga zisiweze kujigawa. Kipande cha pili ni akrolini. Akrolini haiponyi chochote. Ni ileile inayochoma macho mafuta yanapoungua kwenye kikaango. Figo huitupa kwenye kibofu, na humo hukaa saa kadhaa mgonjwa akiwa amelala au amebana mkojo, ikila ngozi laini ya ndani mpaka itoke damu.

Ndiyo maana wauguzi wa wodi za saratani husisitiza maji mpaka mgonjwa achoke kuwasikia: kunywa, kojoa, kunywa tena, usibane, hata usiku amka. Baadaye ikaja mesna, nayo kutoka kwa Brock na kundi lake. Mesna hupita kwenye damu bila kuisumbua dawa, ikifika kwenye kibofu huikamata akrolini na kuifunga, na vyote viwili hutoka pamoja. Kwa dozi za kawaida maji hutosha. Kwa dozi kubwa mesna ni ya lazima.

Kuna vipande vingine visivyo na madhara. Mwili una njia ya kuizima dawa kabla haijafika kwenye hatua ya kuua, na zao la njia hiyo, kaboksifosfamidi, nalo huonekana kwenye mkojo. Ukikusanya mkojo wote wa saa 24 ukalinganisha dawa nzima, vipande vilivyozimwa na vilivyowashwa, unapata picha ya mwili wa mtu huyo namna unavyoishughulikia dawa. Watoto wawili wa uzito mmoja, waliopewa dozi moja, wanaweza kutoa picha mbili tofauti kabisa.

Mkojo wa mtoto mwenye limfoma ya Burkitt huwa na kitu cha ziada, nacho ni mabaki ya uvimbe wenyewe. Uvimbe huu hukua kwa kasi ya ajabu, seli zake zikiongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na ukipigwa na dawa hufa kwa kasi hiyohiyo. DNA ya seli zilizokufa huishia kuwa asidi ya yuriki. Ikizidi, huganda ndani ya mirija ya figo na kuiziba, na mtoto aliyekuwa akipona saratani hufa kwa figo. Maji mengi na alopurinoli, iliyotolewa kabla ya sindano ya kwanza, huzuia janga hilo. Basi katika siku tatu za mwanzo daktari anayeangalia kiasi cha mkojo tu, bila mashine yoyote, akiwa na chupa yenye alama za mililita na daftari, anapima jambo kubwa kuliko anavyodhaniwa.

Dawa nyingine hujitangaza yenyewe kwa macho. Doksorubisini ni nyekundu, na mkojo baada yake huwa mwekundu au wa rangi ya chungwa kwa siku moja au mbili. Mama ambaye hakuambiwa hukimbilia mlangoni akimwita daktari: "Musawo, anakojoa damu!" Si damu. Ni rangi ya molekuli iliyotokana na vijidudu vya udongoni, jamii ya Streptomyces, vilivyochukuliwa kwanza karibu na ngome ya Castel del Monte, Italia, si mbali na bahari ya Adriatiki. Ndiyo maana jina lake la zamani ni Adriamisini. Kampala iliijua mapema: mwaka 1975 Olweny na wenzake, miongoni mwao Sebastian Kyalwazi na Edward Katongole-Mbidde, walichapisha katika jarida la Cancer matokeo ya awali ya kuitumia kwa saratani ya ini, ugonjwa ambao hadi hapo haukuwa na dawa ya maana.

Rangi hiyo hudanganya kwa namna mbili. Kwanza, mkojo mwekundu humfanya mtu aamini kwamba dawa yote inatokea hapo, kumbe doksorubisini nyingi hupita kwenye nyongo na kutoka na choo kikubwa. Kwenye mkojo hupatikana kama asilimia 5 hadi 12 tu kwa siku tano. Pili, mgonjwa wa saratani ya titi mara nyingi hupewa doksorubisini na saiklofosfamidi siku moja. Wekundu wa jioni hiyo ni rangi. Wekundu wa siku ya nne, rangi ikiwa imeshapotea, waweza kuwa akrolini imeanza kazi kwenye kibofu. Muuguzi mwenye vijiti vya kupimia mkojo na tarehe ya sindano anaweza kuzitenganisha hali hizo mbili kwa dakika moja.

Methotrekseti, ambayo pamoja na saiklofosfamidi na vinkristini imekuwa tegemeo la kutibu Burkitt pale Mulago, hutoka karibu yote kwenye mkojo ikiwa nzima. Tatizo lake ni kwamba huyeyuka vibaya katika mkojo wenye asidi. Kwa dozi kubwa, mkojo usipofanywa uwe wa magadi, dawa na zao lake huganda ndani ya figo. Figo ikiziba, dawa haitoki. Dawa isipotoka, inaendelea kuua seli za utumbo na za uboho. Wenye maabara hupima kiwango chake kwenye damu kila siku na kutoa dawa ya kuokoa, lukovorini, mpaka kiwango kishuke. Asiye na kipimo hicho hathubutu kutoa dozi kubwa, na hapo ukosefu wa mashine moja unakuwa ukosefu wa tiba nzima.

Sisplatini, inayotumika sana kwa saratani ya mlango wa kizazi, ina kiini cha metali: platini. Metali haivunjwi na ini. Watafiti wa Ulaya wameipata platini katika mkojo wa watu zaidi ya miaka kumi baada ya tiba, ikichuruzika kidogokidogo kutoka kwenye tishu ilikojificha. Upimaji wake una kero yake pia, kwa sababu hata meno yaliyozibwa kwa aloi yenye platini huongeza kiasi kinachosomeka.

Mashine inayoipima saiklofosfamidi inaitwa spektromita ya masi, na ni vizuri kuifahamu kabla ya kuisifu au kuilaumu. Mkojo ni mchafuko wa maelfu ya kemikali: urea, chumvi, mabaki ya chakula cha jana, dawa ya malaria, rangi ya soda. Kwanza husafishwa kwa kupitishwa kwenye kichujio kinachoishika dawa na kuacha chumvi iende zake. Kisha huingizwa kwenye mrija mwembamba uliojazwa chembe ndogo sana na kusukumwa kwa nguvu. Humo molekuli huachana kama vyombo kwenye foleni ya Wandegeya jioni: zote zimeanza pamoja, boda zimeshatangulia, malori yanafika mwisho. Zinazopenda maji hutoka mwanzo, zinazopenda mafuta hukawia, na saiklofosfamidi ina dakika yake inayojulikana.

Ikitoka kwenye mrija hupewa chaji ya umeme na kupimwa uzito. Saiklofosfamidi yenye chaji husomeka 261. Lakini kemikali nyingine nazo zaweza kuwa na uzito wa 261, kwa hiyo mashine huishika molekuli hiyo, huigonga kwa gesi mpaka ipasuke, na kupima kipande kinachobaki. Cha saiklofosfamidi husomeka 140. Kitu kilichofika kwa dakika yake, chenye 261, kilichopasuka kikatoa 140, hakuna wakili wa kukitetea. Na ili kujua ni kiasi gani, si kipo au hakipo tu, mpimaji hutia mwanzoni kabisa kiasi anachokijua cha saiklofosfamidi iliyotengenezwa kwa haidrojeni nzito. Hiyo hufuata njia ileile, hupotea kwa kiwango kilekile, ila uzito wake huitambulisha. Maabara nzuri huweza kuona chini ya nanogramu 0.1 katika mililita moja ya mkojo. Nanogramu ni sehemu moja ya milioni ya miligramu. Mtoto wetu alikojoa angalau milioni 80 za hizo.

Mashine haifidii uzembe wa kukusanya. Mtu aliyekunywa lita tatu za maji ana mkojo mwepesi, mwingine aliyetoka juani ana mkojo mzito, kwa hiyo matokeo hulinganishwa na kreatinini, taka ya misuli ambayo mwili huitoa kwa kiasi kinachokaribia kuwa kilekile kila siku. Dawa nzima hustahimili ndani ya mkojo uliogandishwa. Vipande vyake legelege havisubiri; ile molekuli ya kati inayotoka kwenye ini huharibika kwa muda mfupi, na anayetaka kuiona lazima aifunge kwa kemikali nyingine palepale sampuli inapotolewa, kitandani na si maabara. Mtu anayesikia "tutasafirisha sampuli nje" hana budi kuuliza sampuli ya nini. Ya dawa nzima itafika. Ya vipande fulani itafika ikiwa imebeba historia ya kukatika kwa umeme njiani.

Mwili wa Mganda una sababu zake za kupimwa peke yake. CYP2B6, kimeng'enya kinachoiamsha saiklofosfamidi, ndicho pia kinachoivunja efavirenzi, dawa ya VVU iliyotumika Uganda kwa miaka mingi kabla ya dolutegraviri kushika nafasi yake kuanzia 2018. Jackson Mukonzo wa Makerere na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba aina moja ya jeni la kimeng'enya hiki, iliyo ya kawaida kwa Waganda, huifanya efavirenzi ikae mwilini muda mrefu zaidi. Pauline Byakika-Kibwika na wenzake, nao wa Makerere, walionyesha mwaka 2012 kwamba efavirenzi hushusha kiwango cha dawa ya malaria, lumefantrini, kwa watu wenye VVU. Hakuna aliyekuwa akizungumzia saratani hapo. Lakini mgonjwa wa limfoma mwenye VVU anayetumia efavirenzi anaingia wodini akiwa na ini ambalo limeshachochewa na dawa nyingine, na kiasi gani cha saiklofosfamidi kitaamshwa humo ni swali ambalo wataalamu bado wanabishana. Mkojo wa saa 24 ungewasaidia kubishana kwa takwimu.

Jirani zetu wa Eldoret wamekwisha kuonyesha faida ya kupima. Watoto wa Kenya waliotibiwa saratani kwa vinkristini, dawa itokanayo na ua la Madagaska, walichukuliwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, yakapelekwa kupimwa Marekani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba wengi wao wana kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo kwa bidii, na ganzi ya miguu inayowasumbua watoto wa Marekani ilikuwa ndogo kwao. Swali linalofuata ni zito: je, dozi iliyopangwa kwa mtoto wa Indianapolis inamtosha mtoto wa Eldoret?

Hadi hapa mkojo umekuwa wa mgonjwa. Mwaka 1979 Kai Falck na wenzake wa Ufini waliuangalia mkojo wa mtu mwingine. Walichukua wa wauguzi waliokuwa wakichanganya dawa za saratani, wakautia kwenye bakteria aina ya salmonela waliotayarishwa kwa kipimo cha Ames, na bakteria hao wakabadilika jeni zaidi ya kawaida. Kipimo hicho hakikutaja dawa kwa jina. Kilisema tu kwamba ndani ya mkojo wa watu wazima wenye afya kulikuwa na kitu kinachochezea DNA. Mwaka 1984 watafiti wa Kanada waliitaja: saiklofosfamidi, kwenye mkojo wa wauguzi walioishika kazini. Miaka iliyofuata Paul Sessink wa Uholanzi alipima mikojo ya wafamasia, wauguzi na wafagizi, akaikuta hata kwa watu ambao hawakuwahi kushika sindano. Walikuwa wameshika meza, kitasa, shuka. Dawa ilipita kwenye ngozi.

Kwa wenzetu ugunduzi huo ulizaa makabati ya kuchanganyia dawa yenye hewa inayochujwa, glavu mbili, majoho, na kanuni za kazi. Saiklofosfamidi yenyewe imo katika orodha ya vitu ambavyo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani linavihesabu kuwa husababisha saratani kwa binadamu bila shaka yoyote. Kanuni zote hizo, ukizisoma, zina mtu mmoja akilini: mwajiriwa. Ana mkataba, ana saa za kazi, ana chama.

Anayeuguza ndugu yake Mulago hana hata kimoja. Ametoka Arua au Mbarara, amelala chini ya kitanda cha mgonjwa au kwenye mkeka uani, na kazi zake ni zile ambazo Ulaya hufanywa na watu watatu wenye sare. Anabeba bedipani, anafua shuka zilizolowa, anafuta matapishi, anambadilisha mtoto nepi, kisha anageuka kumega posho kwa mkono uleule. Shirika la Afya Duniani linashauri mkojo, kinyesi na matapishi ya mgonjwa wa dawa hizi vihesabiwe kuwa vyenye sumu kwa angalau saa 48 baada ya dozi. Saa 48 za nani? Mwajiriwa hubadilishana zamu baada ya nane au kumi na mbili.

Mwaka 2013 kikundi cha Japani, Sessink akiwemo, kiliwapima wanafamilia wa wagonjwa waliorudi nyumbani baada ya tiba, na kuikuta saiklofosfamidi katika mikojo yao. Hizo ni nyumba za Japani, zenye choo cha kuvuta maji na mashine ya kufulia. Mgonjwa wa Kampala aliyepanga chumba Bwaise anatumia choo cha shimo kilichoinuliwa juu ya ngazi kwa sababu maji ya ardhini yako karibu, anachangia na wapangaji wengine, na shimo likijaa huja vijana na pampu ya mkono kulipunguza. Hao vijana nao wana mikojo inayopimika.

Kabla ya mtu kukimbilia kupima, ajue mtego mmoja. Mtu angeweza kufikiri njia rahisi ni kutafuta kwenye mkojo wa mama alama ya akrolini, ambayo mwili huifunga na kuitoa kama asidi ya merkapturiki. Kipimo hicho kingemtia hatiani kila mama wa Kampala. Akrolini iko kwenye moshi wa sigara, wa kuni, wa sigiri ya mkaa, na wa mafuta ya chapati yaliyochakaa. Kwa kazi hii inafaa dawa nzima tu, maana hakuna jiko linalotoa saiklofosfamidi. Kwa fluorourasili ni kinyume chake: dawa yenyewe huvunjwa upesi sana, na kinachotafutwa ni zao lake la mwisho lenye florini, ambalo halipatikani kwenye chakula wala moshi, na ambalo hubeba zaidi ya nusu ya dozi.

Kuna wanaoliruka suala la beseni na kwenda moja kwa moja ziwani. Hofu yao ina msingi, ila naona wametanguliza la baadaye. Mwaka 2020 watafiti wa Sweden na Makerere walichapisha vipimo vya dawa katika maji ya kinamasi cha Nakivubo na Ziwa Viktoria, wakakuta viuavijasumu na karbamazepini ya kifafa, na kila mkazi anajua kwamba maji ya bomba huchotwa Ggaba, ng'ambo ya ghuba hiyohiyo. Saiklofosfamidi ni sugu kwa mitambo ya majitaka. Uswisi wameipata kwenye majitaka kwa nanogramu chache kwa lita na ziwani kwa kiasi kidogo zaidi. Ziwa litapimwa, na inafaa lipimwe. Lakini kati ya miligramu 80 za beseni na nanogramu za ziwa kuna mtu mmoja aliyesimama akiwa ameshika beseni, na dawa iliyomo haijazimuliwa na lita bilioni za maji.

Upimaji wake si mgumu kupanga. Sampuli ya kwanza ya mkojo wa mama ichukuliwe kabla dripu haijafunguliwa, kwa sababu bila hiyo hakuna atakayejua kama dawa imeingia leo au mzunguko uliopita. Halafu kila mkojo wake kwa saa 48, ukiandikwa saa na ujazo, ukitiwa kwenye chupa za plastiki na kugandishwa. Muuguzi mmoja naye achukuliwe sampuli, na mfagizi. Chupa za mtoto zikae kwenye friji tofauti kabisa, kwani tone moja lake lina dawa ya kuchafua sampuli zote za mama. Maabara ya serikali ya Wandegeya hutafuta sumu katika sampuli za mahakama siku zote, na watu wa Makerere wamekwisha kuzoea kupima dawa za VVU. Ujuzi wa kazi hii si mgeni mjini.

Ugumu uko kwenye siku ya kurudisha majibu. Hakuna kiwango cha saiklofosfamidi kwenye mkojo wa mtu asiye mgonjwa ambacho daktari anaweza kumwonyesha mama na kusema chini ya hapa usiogope. Kanuni za Ulaya husema tu kiwe kidogo iwezekanavyo. Mama akiambiwa ana nanogramu mbili, na akaacha kumuuguza mwanawe kwa hofu, kipimo kimeua. Kwa hiyo mpango wowote wa kupima unapaswa kuja na boksi la glavu chini ya kila kitanda, beseni lenye kifuniko lisilotumika kwa kuoga wala kufulia, na muuguzi wa kumweleza mama kwa Kiganda, Kiacholi au Kiswahili kwa nini anavaa glavu kumshika mtoto aliyemzaa. Mkojo upimwe wiki moja kabla ya glavu kufika, kisha upimwe tena baadaye, na tofauti ya nanogramu kati ya wiki hizo mbili ndiyo itakayosomwa na yule anayeidhinisha bajeti ya glavu.